Mashine mnaiona, kadi hamuioni

Wiki iliyopita nilituma picha kwenye kundi letu la WhatsApp, la sisi tuliosoma pamoja chuo cha ufundi cha VETA. Nimesimama kivulini kazini huku Texas, kishikwambi kinaning'inia shingoni, na hatua kama kumi na tano mbele yangu mashine inaosha yenyewe tyubu za kiwandani. Jibu la kwanza halikuchukua dakika: "Kaka, kumbe huko unalipwa kwa kuangalia maji!" La pili likafuata: "Ndiyo maana sisi hatufiki, mashine kama hizo hatuna." La kwanza nililicheka. La pili limenikaa kooni mpaka leo.

Asiyeijua kazi hii afikirie ukoko wa wali. Sasa ukoko huo usiwe chini ya sufuria, uwe ndani ya tyubu nyembamba ambayo mkono hauingii, na tyubu zenyewe ziwe elfu na zaidi, zimepangwa kama sega la nyuki. Kwenye kiwanda cha sukari ni evaporeta, pale juisi ya miwa inapochemshwa mpaka inakuwa nzito. Huku Texas, kwenye viwanda vya mafuta na kemikali vilivyojipanga kando ya mfereji wa meli wa Houston, kuanzia Pasadena na Deer Park mpaka Baytown, ni vyombo vya kupasha na kupoza. Ukoko ukishika, joto halipiti na kiwanda kinakula mafuta bure. Lazima utoke, na kinachoutoa vizuri ni maji yenye presha.

Presha yenyewe si ile ya kuoshea gari. Gurudumu la gari dogo linajazwa psi 32 hivi. Sisi tunaanzia psi 10,000, na pampu zipo za mpaka 40,000. Kwa hizo 10,000 tu, maji yanatoka kwenye nozeli, kile kitundu cha mwisho, kwa mwendo wa mita 370 hivi kwa sekunde. Sauti yenyewe hewani haifiki hapo. Mwili wa binadamu mbele ya kitu hicho ni siagi.

Nyumbani Tanzania nilifanya kazi hiyo misimu mitatu, kwenye kiwanda kimoja cha sukari ambacho sitakitaja. Tulikuwa tunaingia ndani ya evaporeta kwa manholi, watu wawili, joto limekaa humo tangu jana. Mmoja anashika fimbo ya chuma yenye nozeli, tukiiita mkuki. Pampu iko nje na ina mtu wake, ambaye hatuoni wala hatusikii. Mawasiliano yalikuwa spana: gonga mara moja, afungulie; gonga mara mbili, afunge. Kama amekwenda kunywa chai, gonga mpaka kesho.

Siku moja mkuki alikuwa nao mzee mmoja tuliyemwita Mjomba, kila mtu alimwita hivyo hata meneja. Tyubu ilikuwa imeziba. Maji yakikosa pa kwenda mbele yanarudi, na mkuki ukarudi nao, ukatoka mdomoni mwa tyubu, na maji yake yakapita kwenye kiganja chake cha kushoto. Nikagonga spana. Nikagonga tena. Tulipotoka nje tukakiangalia kile kiganja: tundu kama la sindano, tone la damu, basi. Mjomba mwenyewe akatania kwamba nyuki wa kwao wana hasira zaidi. Zahanati wakampa plasta na panadol, akarudi kumalizia shifti.

Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko. Hospitali ya rufaa waliuokoa, ila vidole viwili havikurudi nyumbani.

Huku nilipoajiriwa, kabla ya kugusa hata buti, nilipewa kadi ya kuweka kwenye pochi. WJTA, chama cha watu wa kazi hii Marekani, wanahimiza kila mpigaji maji awe nayo. Haimhusu mwenye pochi, inamhusu daktari. Inamwambia: huyu anafanya kazi na maji ya presha kubwa, usidanganywe na udogo wa kidonda, maji yanaweza kuwa yameingia ndani sana yakiwa na uchafu, angalia maambukizi yasiyo ya kawaida, hata ya vijidudu vya maji taka. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mwalimu anaendelea na mambo mengine, mimi namwona Mjomba na plasta yake.

Haya, mashine. Sitaidharau, inanilisha. Ni sanduku lenye magurudumu madogo yanayobana mipira miwili au mitatu ya maji na kuisukuma ndani ya tyubu kwa mpigo. Gurudumu moja linasukuma, jingine linafuata tu na kuhesabu. La kusukuma likizunguka na la kuhesabu likasimama, mashine inajua kuna kizibo. Inarudi nyuma kidogo, inapiga tena, inarudi, inapiga, kama kigogota kwenye shina. Sensa nyingine, yaani kihisi, inatambua chuma na uwazi, ndivyo sanduku linavyojipanga mbele ya tundu linalofuata. Ya tatu inahisi kibanio kilichofungwa kwenye mpira, ili nozeli isimame kabla haijatoka nje ikiwa na presha. (Ndiyo, tunasema sensa. Mimi na kishikwambi changu, nahesabu matundu: kwenye ile sensa ya watu nyumbani, mwaka 2022, ningepata ajira ya karani.)

Ila sensa nayo hudanganyika. Uso wa matundu ukiwa na ukoko mnene, haioni chuma wala uwazi, inabaki inababaika na mimi nachukua usukani. Na kuna jambo ambalo wenzangu kwenye kundi hawalijui: mashine hii haikununuliwa kwa kuhurumia vidole vyangu peke yake. Kazi iliyokuwa ya watu watatu naifanya na mmoja. Wamexico wawili walionifundisha walihamishiwa kwenye kuvuta mipira, kisha sikuwaona tena. Ndani ya ile evaporeta yetu kulikuwa na joto na hatari, lakini kulikuwa na hadithi pia. Huku nakaa saa kumi na mbili nasikiliza pampu.

Nyumbani hesabu ni nyingine na haina siri. Kibarua wa msimu ni rahisi kuliko vipuri vya sanduku lile, na mwenye kiwanda anajua kupiga hesabu. Kwa hiyo anayesubiri mashine ndiyo usalama uanze, atasubiri sana.

Lakini angalieni kilicho kati ya spana yetu na kishikwambi changu. Kuna pedeli: mwenye mkuki anaikanyaga, akiinua mguu tu presha inamwagika, hamsubiri mtu wa pampu amalize chai. Kuna kizuizi kinachofungwa mdomoni mwa tyubu, mpira unapita, nozeli haipiti kurudi. Ni chuma, hakina umeme wala programu. Kuna kamba ya kufunga kila maungio ya mpira ili ukichomoka usipige watu. Na kuna ruhusa ya mtu wa chini kabisa kusema simamisheni, bosi akanuna lakini akasimamisha. Vitu hivi vilikuwepo huku kabla ya sensa, na hata leo sensa ikizimika tunabaki navyo. Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu mwaka 2003, na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wapo. Sasa nani alikwambia pedeli lazima ingoje roboti?

Ndugu zangu wa kundi wataniambia nimesahau njaa, maana kibarua akisema simamisheni, kesho jina lake halipo getini. Sijasahau. Siku ile ya Mjomba sikusema kitu mimi, na niliijua ile tyubu imeziba.

Jumamosi nilikaa na ile kadi nikaiandika upya kwa Kiswahili, maneno machache, makubwa: "Daktari, usinipe plasta. Maji ya presha kubwa yameniingia mwilini. Nipeleke kwa daktari wa upasuaji leo hii." Nikampelekea mpwa wangu, naye sasa yuko kwenye kiwanda kilekile. Alichapisha ishirini kwenye stesheneri, akazilaminisha kwa hela yake, na moja ameipeleka zahanati. Anasema mganga ameibandika ukutani, jirani na kalenda.

Nikamuuliza, na pedeli je?

"Tumewaambia, mjomba. Wanasema wanalifanyia kazi."