Ile video ya Livadeia, nasimulia mwenyewe

Haya, mshaiona ile ya mimi kutumbukia mtoni Livadeia, huku Ugiriki. Nimeamka simu imejaa meseji, mpaka shangazi yangu wa Tanga kaniandikia "pole mwanangu, ila umenenepa huko". Sasa kabla yule jamaa aliyeirekodi hajaongeza chumvi nyingine (anajijua, nilimtoa kwenye grupu dada mkubwa akamrudisha palepale), nisikilizeni mie niliyelowa.

Na sikuwa nimelewa. Hiyo tuiweke sawa mapema.

Ilikuwa trip ya sisi wabongo na wakenya tunaoishi Athens, dada mkubwa kapanga, watu wamechanga, tunaenda Livadeia kule jimbo la Boeotia, na mimi kama kawaida nilikuwa nimesoma. Tabia yangu mnaijua, nikisoma kitu sinyamazi. Tunapita mji wa Thebes nimewapa hadithi ya mfalme Oedipus na yule zimwi Sphinx wa mafumbo, nimewapa Alexander Mkuu alivyousambaratisha mji mwaka 335 KK akabakiza mahekalu na nyumba ya mshairi Pindar, watu wanasinzia. Tunafika bonde la Copais, mashamba tu, nikawaambia hapa palikuwa ziwa jamani, lilikaushwa karne ya 19 na kampuni za kigeni, na mikunga wake, wale samaki warefu, Waathens wa kale walikuwa wanawagombania sokoni. Halafu haohao Waathens wanawaita watu wa Boeotia nguruwe, eti hewa yao nzito imewafanya wazito wa akili, wakati mshairi Hesiod ni wa huku, Pindar wa huku, mwandishi Plutarch wa huku! Dada mmoja siti ya nyuma akasema "tumesikia mwalimu, sasa tunakula saa ngapi".

Livadeia kuna sehemu inaitwa Krya. Mwamba mkubwa umesimama wima, una vishimo vimechongwa vya kuwekea sadaka za zamani, miti ya kivuli, daraja la mawe, na mto Herkyna unatoka hapohapo kwenye chemchemi unapita katikati ya migahawa kwa kelele. Na souvlaki. Mji huu unasifika kwa souvlaki, ile mishkaki yao. Jamaa kanunua za kwake, kanipa nimshikie moja huku moja huku, eti anatafuta simu. Wekeni hilo akilini.

Maana hapo ndo nikaanza na hadithi ya kale ya Trophonius. Huyu na ndugu yake Agamedes walikuwa mafundi ujenzi hatari, wanasema hata hekalu la mungu Apollo kule Delphi walijenga wao. Wakamjengea tajiri mmoja, Hyrieus, ghala la dhahabu, wakaacha jiwe moja la kuchomoka, wakawa wanaingia usiku wanajichotea. Hyrieus akatega mtego, Agamedes akanasa. Trophonius kuona hivyo akamkata ndugu yake kichwa akaondoka nacho, asije akatambulika akamtaja. Ndugu kabisa! Baadaye ardhi ikapasuka ikammeza Trophonius hapa Livadeia, halafu watu wakaanza kuja kumuuliza mambo yao kama mganga. Nikamwangalia jamaa, nikasema kuna watu hapa wana sura ya Trophonius. Walicheka wote. Yeye hakucheka, alikuwa ameshaanza kurekodi.

Nikaendelea. Pausanias, mwandishi wa karne ya 2 BK, alishuka mwenyewe kwenye shimo la Trophonius akaandika: kwanza unaogeshwa usiku kwenye mto Herkyna na watoto wawili wa kiume wa miaka kama 13, unapakwa mafuta, unakunywa maji ya Lethe usahau yote uliyokuja nayo kichwani, unakunywa ya Mnemosyne ukumbuke utakayoyaona. Kisha unashuka kwa ngazi kwenye shimo, chini kuna tundu la shibiri 2 upana, shibiri 1 kimo, unalala chali, unatanguliza miguu, mikononi umeshika maandazi ya shayiri na asali, magoti yakishapita tu unavutwa mzima.

"Tuonyeshe," jamaa akasema. Kwa upole kabisa. Nyie, ule upole!

Basi nikapanda kwenye lile jiwe pembeni ya maji. Souvlaki mikononi ndo maandazi yangu. Nikageuka kuwatazama watu, mgongo kwa mto, nikasema "magoti yakishapita tu..." na mguu wa kushoto ukaanza safari. Haukuteleza kwa haraka, hapana, ulikwenda taratibu, kwa heshima, kwenye ule utelezi wa kijani, na mimi nauangalia unavyokwenda kama mguu wa mtu mwingine. Nikaona mzee mmoja mezani kashusha kikombe. Nikaona dada mkubwa kafungua mdomo. Nilikuwa na muda wa kutupa souvlaki nishike jiwe, muda ulikuwepo, sijui kwa nini sikutupa. Miguu ikatangulia, chali, magoti yakapita, nikavutwa mzima sawasawa na maandiko. Maji yale baridi yake ni ya kukatisha ukoo! Nikazama, nikaibuka, mikono yote miwili bado iko juu na mishkaki haijalowa hata tone. (Wewe ulioandika "kafa akitetea msosi", nimekuona.) Kaptura nayo ikaamua kushuka kidogo, hapo sisemi zaidi, walioona wameona, na aliyezumu anajijua.

Na walionitoa? Watoto wawili wa kiume wa palepale, umri ndo huohuo ukitazama. Mmoja kashika kwapa, mwingine kashika kola, wananivuta huku wanaongea Kigiriki cha haraka, na jamaa yangu mzima wa afya kasimama ukingoni anasema "shikilia hivyohivyo, mwanga mzuri".

Wakanikalisha kwenye kiti cha mgahawa, mwenye mgahawa kaleta kitambaa cha meza nijifunike, dada mkubwa kaniinamia, "mdogo wangu, umeona nini huko chini?" Na zamani ndo ilikuwa hivyohivyo, ukitoka shimoni makuhani wanakukalisha kwenye kiti cha Mnemosyne wanakuhoji umeona nini, halafu wanakukabidhi kwa ndugu zako ukiwa bado unatetemeka hujitambui. Wagiriki wakikutana na mtu kanuna walikuwa wanasema huyu katoka kwa Trophonius. Nilitaka kuwaelezea hilo, meno yakagoma.

Kurudi Athens nimekaa kwenye mfuko wa plastiki, simu imekufa, kiatu kimoja kimeelekea Copais. Video ilifika Mombasa kabla hatujafika Thebes. Na leo jamaa kanitumia meseji, hakuna pole, hakuna habari za asubuhi, anadai hela ya souvlaki zake mbili, eti nilizila zote kwenye basi.

Nilizila. Na simlipi.