Mzee wa Mnarani Ataniua

Hivi jamani, nani kawaambia hawa vijana kwamba mtu mzima akitoka kazini anachohitaji ni kufa?

Naingia ndani na vumbi lote la mtaa wetu wa Nkuhungu, Dodoma, masikioni, naulizia maji ya kunawa, naambiwa yaliyopo ni ya kupikia. Sawa. Nakaa. Mpwa wangu ananisogezea kompyuta: "Mjomba, cheza hii upunguze mawazo."

Gemu linaitwa Minit, la mwaka 2018. Jeusi na jeupe tupu, hata kijivu wamebania. Watu wanne wa Ulaya wamekaa kikao, wakakubaliana hivyo, na rangi zilikuwepo! Kuna kijitu kina mdomo wa bata, kinaokota upanga ufukweni, kumbe una laana. Basi tangu hapo kila baada ya sekunde 60 kinakufa, kinaamkia nyumbani kwake, kinatoka tena kutafuta. Vitu ulivyookota unabaki navyo, roho ndiyo inakatika. Nikamwambia kijana, huu ni umeme wa kulipia kabla, LUKU ya elfu moja kabisa.

Sasa sekunde 60 kwa Dodoma ni kitu gani? Pale Majengo mama wa mlenda hakupi fungu kabla hajamaliza "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, akaulizia mke, watoto, mvua, na yule mbuzi aliyekuwa anaumwa. Mimi ningefia kwenye mbuzi.

Lakini nikavumilia, mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa, siwezi kushindwa na bata. Nikafika kwenye mnara wa taa. Hapo amesimama mzee. Ukimsogelea anaanza kuongea. Herufi ya kwanza ikatoka. Tukasubiri. Ya pili ikachungulia, ikaona jua, nadhani ikarudi kupumzika. Na mimi nimelelewa, mzee akiongea humkatizi wala humpi mgongo. Nikasimama kwa adabu zangu zote, mikono nyuma. Nikafa.

Nikaamka, nikarudi mbio. Mzee kaanza upya! Hakumbuki kwamba tulishafika mahali.

"Mzee wangu shikamoo, malizia basi!"

Mke wangu akauliza kutoka jikoni, "Unamfokea nani?"

"Mzee."

"Mzee gani tena?"

"Wa mnarani."

Kimya. Halafu nikasikia akimwita dada yake kwa simu, kwa sauti ya chini.

Mpwa ananielekeza: "Mjomba, ukiamka tu nenda kwake moja kwa moja, usipite kokote, usikilize mpaka mwisho." Yaani maisha yangu yote, toka kuzaliwa hadi kufa, niyatumie kumsikiliza mtu mmoja amalize sentensi! Wengine humo wana shida za haraka haraka, wanakutuma unaondoka. Huyu hapana. Mita ya LUKU nayo ukutani ikaanza kulia pii pii, mimi namtolea macho mzee, mzee ananitolea silabi.

Na namjua! Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa naye dirishani, ofisi sitaitaja. Kaangalia karatasi yangu, kaangalia dari, kasema "mfumo...", akanywa chai, "...uko chini." Njoo kesho. Nikija kesho, lete kopi ya kitambulisho. Nimeleta, ananiuliza mbona si ya rangi. Mimi nina ruhusa ya saa mbili kazini, sina nyumba ya kuamkia nikianguka pale kwenye foleni! Saa mbili zangu hazirudi, na hiyo kopi ya rangi nalipia mimi!

Tuache hayo. Humo kwenye gemu kijitu kikinywa kahawa kinapata nguvu za kusukuma maboksi. Mimi kahawa ya kijiweni nakunywa miaka yote, ninachopata ni ubishi wa Simba na Yanga. Kashata nayo sasa wanaikata nyembamba, unaona mtaa wa pili. Nikiuliza, muuzaji anasema karanga zimepanda. Karanga, Dodoma! Waingereza walikuja hapo Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, ardhi ikawatoa jasho, mwaka 1951 mradi ukafa. Sisi tunalima kwa jembe na zinaota. Sasa aliyezipandisha bei ni nani? Muuzaji ananiangalia tu. Chenji yangu mia mbili hana, anataka nichukue pipi.