Lita 24 za Maji

Mtu akikuambia kuna mahali panaitwa Death Valley, yaani Bonde la Mauti, huulizi ni mwezi gani. Mimi sikuuliza. Nilisoma tu kwamba huko California, pale Furnace Creek, tarehe 10 Julai 1913, kipimajoto kilifika nyuzi 56.7 za Selsiasi, rekodi ya dunia. Neno "Julai" nililiruka kama watu wanavyoruka masharti ya mkopo. Nikafungasha kaptula tatu, kandambili, kofia pana ya jua, kifeni cha betri na maji lita 24. Ushauri wa hifadhi ni angalau lita 4 kwa mtu kwa siku. Nilikuwa mtu mmoja, safari ya siku mbili. Hesabu iliyobaki ilipigwa na woga.

Ilikuwa Januari.

Mchana bondeni haukuwa na ubaya wowote, nyuzi kama 18, jua la kistaarabu kabisa. Nilitembea juu ya chumvi ya Badwater, mita 86 chini ya usawa wa bahari, hakuna pa chini zaidi Amerika Kaskazini nzima, huku nikijipepea kwa kifeni ili nisione nimekinunua bure. Na nilikunywa maji. Kila nikisimama kupiga picha, nusu chupa. Sikutaka kuwa habari ya gazeti.

Jioni nikapandisha gari hadi Dante's View, mita 1,669 juu, ambako ile chumvi ya Badwater unaiona chini kama shuka lililoanikwa. Nilifungua mlango, upepo ukaingia kwanza. Watu waliokuwepo walivaa makoti yaliyofungwa hadi kidevuni. Mama mmoja aliniangalia miguu, akamgusa mumewe, naye akaniangalia miguu. Kofia yangu ya jua iliondoka kichwani ikaelekea Badwater, na kwa ule mteremko nadhani bado iko njiani. Picha nilizopiga hapo zote zimetikisika.

Mpango ulikuwa kulala ndani ya gari kambini, kule chini bondeni. Jua lilizama kabla ya saa kumi na moja jioni, nami nikabaki na usiku mrefu, kaptula mbili kavu na maji mengi sana. Nilivaa kaptula zote tatu, moja juu ya nyingine. Nikajiviringisha kwenye blanketi la kuazima, nikafunga milango kwa rimoti ya gari, tii tii, kwa sababu nilikuwa nimesoma pia habari za koyote, wale mbweha wa huko. Koyote hafungui mlango wa gari. Najua. Lakini saa mbili usiku, peke yako, gizani, hujui.

Saa nane usiku lita zangu zikadai haki yao zote kwa pamoja. Baridi inajulikana kwa hilo: damu inakimbilia ndani, figo zinapata kazi, na wewe unapata safari. Nilivumilia dakika kumi nikifikiria mambo makavu. Kisha nikavuta kitasa cha mlango.

Gari la kukodi ukilifunga kwa rimoti kisha ukalifungua kwa ndani, linakuhesabu mwizi. Hili nililijifunza pale pale. Honi ikaanza kupiga, taa za njano zikawaka na kuzimika. Na hapo ni Death Valley, hifadhi ambayo tangu 2013 inatambulika kimataifa kwa giza lake. Watu husafiri kutoka mbali kuja kuona giza lile.

Rimoti ilikuwa ndani ya blanketi. Au ndani ya kaptula. Ipi? Nilipapasa ya juu, nikapapasa ya kati, huku nikichezacheza kwa sababu zile lita hazikuwa zimesahau. Nilizunguka gari mara mbili bila sababu yoyote ninayoweza kuieleza. Hema moja likawaka taa. La pili. Sauti ya mzee ikatoka gizani, ya upole kuliko nilivyostahili:

"Kijana, unaibiwa?"

"Hapana, mzee. Ni mimi."

"Unaiba?"

"Ni gari langu! Natafuta choo!"

Rimoti ilipatikana kwenye kaptula ya tatu, ya ndani kabisa. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito kiasi kwamba kandambili zangu zilisikika njia nzima hadi chooni, na njia nzima kurudi.

Alfajiri nilikuwa nimeshawasha gari ili nitoroke, mzee yule akaja na kamera yake. Kumbe usiku ule alikuwa ameiacha wazi dakika 20 mfululizo, apate mizunguko ya nyota. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza kwa mkono, akanionyesha kioo.

Juu, nyota zilikuwa zimechora vipande safi vya duara kuizunguka Nyota ya Kaskazini. Chini palikuwa na gari limewaka njano, na kila taa ilipopiga kamera ilikuwa imeninasa upya: watu sita wa kivuli, wote wamevaa kaptula, mmoja ameinama, mmoja amebana magoti, mmoja ameinua mikono mbinguni.

"Wewe ni yupi kati ya hawa?" akauliza.

Nikamwonyesha yule wa magoti. Kisha nikamwomba apokee lita 17 za maji.