Ping haina kirefu

Muulize mwanafunzi wa mitandao ya kompyuta kirefu cha ping, programu inayotuma pakiti (kifurushi kidogo cha data) kwa kompyuta nyingine na kusubiri jibu, atakujibu bila kupepesa macho: "Packet InterNet Groper", yaani kipapasa pakiti za intaneti. Jibu hilo limo kwenye madesa na maksi hutolewa. Aliyeiandika programu hiyo alisema hakuwa na maana hiyo.

Mike Muuss, wa maabara ya jeshi la Marekani huko Maryland, aliiandika kwa jioni moja Desemba 1983, mtandao ulipomsumbua. Jina alilitoa kwenye sona: meli hutoa mlio, mlio hugonga nyambizi na kurudi, na muda uliopita ndio unaotaja umbali. Ni tanakali sauti, ileile iliyozaa jina la mchezo wa ping-pong.

Wanaoshikilia kirefu si wazushi. Husemwa kimetoka kwa David Mills, aliyebuni NTP, itifaki inayolinganisha saa za kompyuta, na ni maelezo ya Mills kuhusu kupima muda kwa pakiti za mwangwi, yaani zinazotumwa ili zirudishwe, yaliyompa Muuss wazo. Muuss naye alikuwa muungwana: kwake si kifupisho, alisema, ila huenda wote wawili wako sahihi.

Muungwana mno, kwa maoni yangu. Anayepapasa anataka kujua kitu kipo au hakipo, basi. Anayepiga mlio anasubiri urudi, na kule kusubiri ndiko kipimo chenyewe. Andika ping na anwani kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri za kompyuta, na kila jibu litakuja na milisekunde zake. Kabla SEACOM, kebo ya intaneti ya chini ya bahari, haijaanza kazi pwani yetu Julai 2009, sehemu kubwa ya intaneti ya huku ilipitia setilaiti zilizo kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Pakiti inapanda, inashuka. Jibu nalo linapanda, linashuka. Jumla kilomita 144,000. Mwanga wenyewe hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 480 zilikuwa zimeshaliwa na njia kabla ya foleni yoyote ya mtandao. Ungenunua kompyuta mpya, ungebadilisha fundi, namba isingeshuka chini ya hapo. Watu waligombana na mafundi bure, na huku ping ilikuwa ikiwatajia umbali, sawasawa na sona.

Vijana wa gemu wamelielewa hili bila darasa. Wakiulizana "ping yako ngapi?" wanataka milisekunde, na hakuna anayewaza kupapasa. (Kubipu nalo lina asili ya mlio wa Kiingereza, na mpaka leo sijasikia aliyelitungia kirefu.)

Watunga mitihani wakitaka kumpima fundi wa kesho, wamuulize milisekunde zile zinapima safari ya kwenda tu, au ya kwenda na kurudi.