Jamani, Mke Ni wa Mwenyekiti!

Najua mmeshasoma. Rafiki yangu, yule ambaye siri ikilala kwake usiku mmoja inaamka na homa, ameandika kwamba mkalimani, ambaye ni mimi, "alimwambia mwenyekiti kuwa amejiaibisha mbele ya wageni". Tangu asubuhi watu wananiuliza mwenyekiti kafanya nini. Hakufanya kitu! Aliyejiaibisha ni mimi. Ile "a" ya "amejiaibisha" ni yangu, nirudishieni.

Na kinachouma zaidi ni kwamba wiki iliyopita tu nilikuwa nimemkalisha huyohuyo rafiki namhutubia kuhusu mambo haya. Nikamwambia "-ji-" yetu ni mtoto mtulivu: imo ndani ya kitenzi, haimjui mtu mwingine ila mtendaji wa kitenzi hichohicho. "Amejisifu" ni yeye na nafsi yake. "Amemsifu" ni mwingine, hakuna mjadala. Nikapanda juu zaidi, nikamtaja mwanaisimu Chomsky na kitabu chake cha 1981, kwamba neno la kujirejea lazima limpate mwenyewe humohumo kwenye sentensi yake ndogo. Kisha nikamtolea "ziji" ya Kichina, yaani "mwenyewe", inayoikaidi kanuni hiyo: Zhangsan akidhani kwamba Lisi anaichukia "ziji", anayechukiwa anaweza kuwa Lisi, na anaweza pia kuwa Zhangsan kule mwanzo wa sentensi. Rafiki akapiga miayo. Nikamwona mshamba.

Basi. Wageni wanakuja, wanasema Kinorwei, mkalimani wao kaumwa. Nani anajua Kinorwei? Mkono wangu ukapanda wenyewe, sikuutuma. Nilikuwa na miaka 2 ya kujifunza kwenye simu, na somo moja nililoliruka kwa sababu lilionekana fupi. (Ndiyo, wewe unayecheka hapo, ni somo hilohilo.)

Dakika 20 za mwanzo niliruka kama ndege. Kisha mshereheshaji akaanza utambulisho. Katibu kasimama, mkewe pembeni yake. Mwenyekiti kasimama, mkewe kakaa nyuma kidogo, nusu kafichwa na spika. Mshereheshaji akasema, na hapa naomba msome polepole kama mimi ninavyoiota kila usiku: "Huyu ndiye katibu wetu. Na huyu ndiye mwenyekiti wetu. Anampenda sana mke wake, hasafiri bila yeye."

Mke wake. Kwetu sisi "wake" ni mlango usio na kitasa, aingie yeyote. Msikilizaji mwenye akili anajua tu ni mke wa mwenyekiti. Nami nikachukua "wake" yangu, nikaivalisha koti la Kinorwei, nikatamka kwa kifua mbele: "kona hans".

Ngojeni niwaeleze nilichokanyaga. "Kona" yao ni mke, na Kinorwei kina milango 2. Mke akiwa wa huyohuyo mtenda wa sentensi, unasema "kona si". Ukisema "kona hans", mke ni wa mwanamume mwingine aliyekwisha kutajwa. Na mwanamume aliyetajwa sekunde 5 nyuma, aliyesimama pale na suti yake mpya, alikuwa katibu.

Kwa hiyo niliutangazia ukumbi kwamba mwenyekiti anampenda sana mke wa katibu na hasafiri bila yeye.

Kalamu ya mgeni wa kwanza ikasimama. Macho yake yakaenda kwa mwenyekiti, yakakaa. Yakaenda kwa katibu, yakakaa zaidi. Yakafika kwa mke wa katibu, ambaye maskini hajui Kinorwei, akadhani anasalimiwa, akatabasamu na kupunga mkono.

Mgeni akanisogelea, akanong'ona: "Hans?"

Nikadhani anasifia matamshi. Nikajibu kwa sauti, "Ja! Hans!", na mkono wangu, sijui nani aliutuma safari hii, ukamwelekea katibu.

Pangeishia hapo ningesema Mungu mkubwa. Lakini mshereheshaji, akiona wageni wamechangamka, akanogesha: "Na katibu wetu analijua hilo vizuri, ndiye anayewakatia tiketi!" Hili sasa nililitafsiri bila kosa hata moja. Kila neno. Sijawahi kutafsiri vizuri hivyo maishani mwangu.

Mgeni wa pili aliinamia viatu vyake na hakuinuka tena mpaka mapumziko.

Yaliyofuata ni mafupi. Mgeni mmoja alinichorea kwenye karatasi watu 2 na mishale, mmoja ukirudi kwa mtenda, mwingine ukimtoroka, nikaelewa, miguu ikaisha nguvu, nikaomba radhi kwa lugha zote ninazozijua na moja nisiyoijua. Mwenyekiti alicheka. Katibu hakucheka. Mke wa mwenyekiti aliuliza kwa nini hakuna aliyempungia mkono yeye.

Ziji naijua, Chomsky namjua, nimeangushwa na "si". Herufi 2!

Sasa narudi kwa rafiki yangu. Ungekuwa unaandika Kiewe, lugha ya kule Ghana na Togo, usingeniponza hivi. Wao wana kiwakilishi "yè" cha mtu ambaye maneno yake ndiyo yanasimuliwa: "Kofi be yè dzo", Kofi alisema kwamba yeye mwenyewe Kofi ameondoka. Akiwa aliyeondoka ni mwingine, wanasema "Kofi be e dzo". Ungeandika "yè", na watu wote wangejua aliyejiaibisha ni mimi niliyekuwa nasema, mwenyekiti angelala.

Nilimpigia, nikamwomba asahihishe. Amesahihisha, kweli. Ameandika: "Samahani, si mwenyekiti. Mkalimani alimwambia katibu kwamba mwenyekiti amemsamehe kuhusu mke wake."

Simu inaita. Ni katibu. Sipokei.