Kituo kidogo chenye askari watatu: kibaki au kifungwe?

Ukizunguka vijiji vya Tabora utakuta maboma ya vituo vya polisi ambayo wananchi waliyajenga kwa michango na nguvu zao, yakafika kwenye lenta, yakasimama hapo. Kwingine boma lilimalizika, likaezekwa, likapakwa rangi, na askari watatu wakaletwa. Watu wakashangilia. Kuanzia siku hiyo linazaliwa tatizo jingine ambalo halisemwi sana kwenye mikutano ya hadhara: jengo lipo, wa kuliendesha hawatoshi.

Kuna wanaosema vituo vya namna hii vifungwe, askari wakusanywe kwenye kituo kikubwa cha tarafa au cha wilaya, wapewe gari na mafuta, watoke kwa doria na kwa simu. Wengine wanasema hata askari mmoja kijijini ni bora kuliko kumi walio mbali. Kwa miaka mingi nilikuwa wa kundi hili la pili bila kujiuliza mara mbili. Kilichonifanya nisite ni hesabu ya zamu.

Tuifanye pamoja. Kaunta ya kituo chenye mahabusu haiachwi, usiku wala mchana. Wiki ina saa 168. Askari anayefanya kazi saa 8 kwa siku 6 anatoa saa 48. Gawanya, utapata kwamba kukaa nyuma ya meza ile tu kunahitaji askari watatu na nusu, kabla hujahesabu likizo, malaria, msiba nyumbani au kozi ya kupandishwa cheo. Maana yake ni kwamba askari wote watatu wa kituo kidogo wanamezwa na lindo la jengo lao wenyewe. Hakuna wa doria. Hakuna wa kwenda kuandika maelezo ya mashahidi kwenye kitongoji cha mbali. Wanafidia kwa zamu za saa 12 au zaidi, na mtu aliyekesha siku tatu mfululizo ndiye unayemtaka apokee kwa upole mama aliyepigwa usiku.

Kisha kuna mahakama. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema kwamba aliyekamatwa bila hati, ikionekana hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo alitazame shauri lake na amwachie kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana zito. Hapo atabaki, lakini afikishwe mapema iwezekanavyo. Ni sheria nzuri. Ila kumsindikiza mtuhumiwa mmoja kwa basi kunataka askari wawili, na safari ya kwenda na kurudi inaweza kula siku mbili. Anayebaki kituoni ni mmoja, ana mahabusu wengine, ana bunduki kwenye ghala, na hana wa kumpokea.

Hapo ndipo wanaotaka vifungwe wanapokuwa na hoja nzito kuliko zote. Septemba 2014 kituo cha Bukombe, pale Ushirombo mkoani Geita, kilivamiwa usiku, askari wawili wakauawa na silaha zikaibwa. Julai 2015 ikawa Stakishari, Dar es Salaam kwenyewe. Kama vituo vya wilaya na vya jijini vilivamiwa, bunduki mbili zinazolindwa na kijana mmoja aliyechoka porini ni mwaliko kwa majambazi. Mwenye kulisema hili anawajali askari, tusimwone adui wa vijiji.

Kuna na jambo la usimamizi. Askari anayekaa mbali na mkubwa wake, akiwa amepanga chumba kwa mtu ambaye kesho huenda akamkamata, yumo katika mtihani mgumu. Nyumba ni ya mwenye ng'ombe, pikipiki ya kwenda kwenye tukio ni ya mlalamikaji, mafuta yametoka mfukoni mwa mlalamikaji. Kauli ya "mtuwezeshe mafuta" wanakijiji wanaifahamu vizuri, na mshtakiwa naye anaisikia, akajua ni nani aliyeanza kulipa. Dhamana ya polisi ni bure, lakini mahali ambapo hakuna wa kukagua kitabu, bure hiyo huanza kuwa na bei.

Sasa upande wa pili, ambao hoja zake huwezi kuziona kwenye karatasi ya zamu.

Tabora ina kilomita za mraba zaidi ya 76,000. Wilaya ya Sikonge peke yake, sehemu kubwa ikiwa msitu wa hifadhi, ina zaidi ya 27,000, ambayo ni zaidi ya nchi nzima ya Rwanda. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa na watu 2,291,623. Ile ya 2022 ikakuta 3,391,679. Watu milioni moja na laki moja wameongezeka katika miaka kumi, wengine wakiwa wafugaji waliohamia na mifugo, wengine wakulima waliofuata ardhi ya tumbaku. Ugomvi wa mashamba na malisho umewafuata hukohuko. Ukifunga kituo cha kata, aliyejeruhiwa anafuata wapi PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa? Majeruhi wa hali mbaya anapaswa kuhudumiwa hata kabla ya fomu hiyo, lakini bila karatasi ile kesi yake inalegea mapema. Binti aliyebakwa akitakiwa kusafiri nusu siku kwa nauli ya kukopa, wazee wa pande mbili watamaliza jambo kwa mbuzi kabla hajapanda gari.

Tabora pia ni miongoni mwa mikoa ambayo vikongwe wameuawa kwa imani za uchawi. Mauaji hayo huanzia kwenye maneno: mtoto ameugua, mganga ametaja mji fulani, vijana wameanza kunong'ona kilabuni. Askari anayeishi palepale anayasikia maneno hayo yakiwa bado maneno. Anayekuja na difenda kutoka wilayani anakuta kaburi.

Na pengo haliachwi wazi. Mkoa huu pamoja na jirani yake Shinyanga ndiko sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walikoanzia mapema miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipokithiri na polisi hawaonekani. Walifanikiwa kiasi kwamba mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kuwatambua. Siwabezi; mwano, yaani ukelele wa hatari, ukipigwa usiku, wao ndio wanaotoka. Lakini watuhumiwa wamechapwa, wametozwa ng'ombe, wengine wamekufa bila kusimama mbele ya hakimu. Kituo kikiondoka, kazi yake itabaki mikononi mwa watu ambao hawana kitabu cha kuandika walichofanya.

Nikipima yote hayo, naona tunabishania jengo wakati kinachowamaliza askari ni mahabusu na ghala la silaha vilivyomo ndani yake. Ndivyo vinavyodai lindo la saa 24. Kaunta ya kufungua jalada, kutoa namba ya RB (kitabu cha taarifa) na PF3 na kumsikiliza mama mwenye malalamiko haidai hivyo. Ningetaka kata nyingi zibaki na kaunta: askari wawili, mmoja wao wa kike, pamoja na mkaguzi wa polisi wa kata, wenye pikipiki ya serikali na simu ya kituo. Anayekamatwa apelekwe kituo cha tarafa chenye askari wa kutosha, na magari yakae huko badala ya kurundikana wilayani.

Mpango huu una ufa na sitauficha. Mtuhumiwa akikamatwa saa nane usiku, gari likawa limekwama, atalala wapi? Atalala mikononi mwa sungusungu, na nimekwisha kusema yanayoweza kutokea. Kata iliyo kando ya lami ya Tabora hadi Ipole inaweza kungoja gari. Za kusini ya Sikonge, kama Kitunda na Kipili, barabara zikifungika wakati wa masika, haziwezi. Huko panatakiwa kituo kamili, chenye askari wanane au kumi na nyumba zao, hata kama kata tatu nyingine zitabaki na kaunta tu ili askari hao wapatikane. Mgawo ufuate umbali na hali ya barabara, usifuate idadi ya kata.

Diwani wa kata ya karibu na lami hatapenda kusikia hivyo, hasa kama wananchi wake wameshachangia tofali. Ndiyo maana kabla ya kuitisha mchango wa mabati, swali la kwanza kwa mkuu wa polisi wa wilaya liwe hili, na lijibiwe kwa maandishi mbele ya mkutano wa kijiji: mtatuletea askari wangapi, watalala wapi, na mafuta ya pikipiki yao yatatoka kwenye kifungu gani?