Tumemchangia Mwalimu, Kala Mgeni Rasmi

Jamani wazazi wenzangu, Desemba hii tutapona kweli? Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa zamani, lakini hebu fungua kundi la WhatsApp la darasa uone! Mchango wa sherehe ya kufunga mwaka. Mchango wa keki. Mchango wa turubai. Na ule mkuu: "Tuwapongeze walimu wetu." Sawa, nani atakataa? Mtu aliyefundisha watoto rundo lile kushika penseli, huyo hata kiwanja angepewa!

Basi siku ikafika. Mgeni rasmi kachelewa weee, kaja na msafara, kawekewa kochi, kaletewa kuku mzima. Walimu je? Wanapanga viti! Wanagawa pilau! Mwalimu niliyemchangia nimemkuta nyuma ya jiko, kakunja mikono ya gauni lake la kitenge, anasuuza sahani.

Zawadi yake? Saa ya ukutani. Kama ya mwaka jana. Kama ya mwaka juzi. Azitundike wapi, chooni?

Jioni mweka hazina huyo kundini: "Kuna upungufu kidogo, tuongezee elfu mbili mbili." Upungufu wa nini, mama, na saa yenyewe haina betri?